Seriveri haijafa: soma logi mbele ya kufuta

Siku ya kwanza ya juma, asubuhi mapema, tulikuwa ku hospitali moja ya mjini Lubumbashi. Tulifika pale kwa ajili ya habari ingine kabisa. Lakini ku gishe ya kupokelea wagonjwa tulikuta watu wamejaa mpaka inje: wamama wenye watoto mgongoni, wazee wenye kuketi ku ukingo wa baraza, kila mmoja na karte yake mkononi. Umeme ulikatika usiku, ukarudi mbele ya jua kutoka. Kompyuta za gishe ziliwaka bila shida. Lakini programu ya wagonjwa, ile inayofungukia mu navigateri, ilikataa. Ku kioo kulitoka nambari moja tu: 404.

Mama wa gishe alikamata kaye akaanza kuandika majina kwa mkono. Alifanya vizuri. Lakini kaye haijui mtoto huyu alipewa dawa gani juma lililopita, wala haijui kama yule mama mwenye mimba hapatani na penisilini. Vyote hivyo viko ndani ya mashine.

Mu chumba kidogo cha nyuma, fundi kijana wa hospitali alisimama mbele ya seriveri, kle ya USB mkononi. Mkubwa wake alishamwita mara tatu kwa telefone.

"Minafuta yote," alituambia. "Minaweka Tomcat mupya, minaweka programu mupya. Mu saa moja tu itatembea."

Bahati nzuri, fundi mzee anayesaidiaga hospitali hiyo alikuwa ameingia nyuma yetu. Hakugusa kitu. Aliuliza tu:

"Mwana, ulisoma logi?"

"Ndiyo, Papa, nilisoma. Inasema mulango umekamatwa. Address already in use."

"Ile ni kosa ya mwisho. Mi nakuuliza kosa ya kwanza."

Kosa la kwanza lilisema kitu kingine kabisa. Tutarudi kule. Lakini tuliona kwamba asubuhi kama ile inafikia watu wengi: hospitali, vyuo, koperative za akiba, maofisi. Basi tuliketi na mzee yule, na mafundi wengine wawili wa mji, tukaandika yale wanayoyakutana nayo kila siku. Ndiyo haya.

Nyumba ya programu

Tuanze na maneno machache kwa wale wasio wafundi. Java ni lugha ya kuandikia programu. Ilitoka mwaka 1995 ku kampuni Sun Microsystems ya Marekani. Programu ya Java inayofungukia mu navigateri haitembei peke yake. Inahitaji nyumba ya kukaa. Nyumba hiyo ndiyo seriveri ya programu. Yenye kujulikana zaidi ni Tomcat, ni kusema paka dume. Sun iliitoa kwa shirika la Apache mwaka 1999, na tangu pale kila mtu anaichukua bure. Ziko na zingine, kama Jetty, WildFly na GlassFish, na magonjwa yao yanafanana.

Kwetu iko wapi? Karibu kuliko unavyofikiri. DHIS2, programu iliyozaliwa ku chuo kikuu cha Oslo, ndiyo Wizara ya Afya ya Kongo inayotumia kukusanya hesabu za zoni za afya. Iliandikwa mu Java, na kwa miaka mingi imekaa ndani ya Tomcat. OpenMRS, programu ya kuandika wagonjwa inayotumika Rwanda, Kenya na kwingineko, ni vilevile. Mganga anayetuma hesabu ya malaria kila mwezi hajui jina Tomcat, lakini kazi yake inapitia mule.

Kwa kawaida seriveri haifi bule bule. Inakataa kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa vibaya, ao kitu kimoja kinachokosekana. Na inasema ni kitu gani. Shida ni kwamba inasema mu daftari ambalo watu hawafungui.

Daftari linaitwa logi

Mu kitabu cha Tomcat kuna kitabu kidogo kinachoitwa logs. Ndani yake, ku mashine za Linux, kuna fishie catalina.out, ku Windows na ku Linux pia kuna catalina yenye tarehe ya siku, na localhost yenye tarehe ya siku. Fungua zote mbili za tarehe. Mara nyingi catalina inasema tu kwamba programu fulani haikuanza, "one or more listeners failed to start", na sababu yenyewe imeandikwa mu localhost. Fundi anayefungua moja tu anabaki mu giza.

Namna ya kusoma ni hii. Tafuta mahali seriveri ilipowashwa mara ya mwisho ikiwa safi. Kutoka pale shuka chini, tafuta neno SEVERE la kwanza. Kisha fuata maneno "Caused by", ni kusema "imeletwa na". Yanaweza kuwa matatu ao mane, moja chini ya lingine. La chini kabisa ndilo shina. Ya juu ni matawi tu.

Hapa kwetu kuna jambo moja linalopoteza vijana. Mashine nyingi ziliwekwa mu Kifaransa, basi Java haiandiki SEVERE, inaandika GRAVE. Haiandiki WARNING, inaandika AVERTISSEMENT. Kijana anatafuta SEVERE mu fishie nzima, hapati hata moja, anasema hakuna kosa. Tena, akitafuta msaada ku intaneti kwa maneno ya Kifaransa, anapata majibu machache. Dawa ni kuongeza -Duser.language=en ku maneno ya kuwashia Java. Ujumbe utatoka mu Kiingereza, na majibu yatakuwa mengi.

Mlango umekamatwa

Kila seriveri inasikilizia ku mlango wenye nambari; wafundi wanaita porti. Tomcat ikitoka ku Apache inasikilizia ku 8080 kwa ajili ya watu, na ku 8005 kwa ajili ya kusikia amri ya kuzimwa. Programu mbili haziwezi kukaa ku mlango mmoja. Ya pili ikija, logi inaandika BindException, Address already in use.

Sababu ya kwanza ni yetu sisi wenyewe: tunabonyeza mara mbili. Ukurasa umechelewa, fundi anaandika startup.sh tena, ya tatu tena. Tomcat ya kwanza ingali hai. Ya pili inapiga kelele na kufa. Mbele ya kufanya lolote, uliza mashine nani amekaa pale. Ku Linux andika ss -ltnp. Ku Windows, netstat -ano. Utaona nambari ya porti na nambari ya kazi iliyoikamata. Kama ni Java ya zamani, izime kwanza vizuri. Kama ni programu ingine kabisa, badilisha nambari mu fishie conf/server.xml, kwa mfano 8080 iwe 8081, na ukumbuke kuwaambia watu wa gishe anwani mpya.

Ukitaka 80 kwa sababu watu hawapendi kuandika nambari, jua kwamba ku Linux milango iliyo chini ya 1024 inahitaji ruhusa ya mkubwa wa mashine, anayeitwa root. Usiwashe Tomcat kwa jina la root ili tu upate 80. Weka mbele yake Nginx ao Apache ya kawaida ipokee watu ku 80, iwapeleke ku 8080.

Kosa hilo la root lina mtoto wake. Siku moja fundi anawasha Tomcat kwa mkono akiwa root. Inatembea. Kesho mashine inajiwasha yenyewe, na sasa Tomcat inaanza kwa jina lake la kawaida. Inakuta fishie za logs, work na temp ni mali ya root. Haiwezi kuziandika. Logi, kama inapatikana, inasema Permission denied. Dawa ni kurudisha mali kwa mwenyewe: chown -R kwa jina ambalo Tomcat inatumia, ku vitabu hivyo vitatu. Si kazi ya hata dakika moja.

Java gani, Tomcat gani

Kundi la pili la shida linakuja siku ya kuweka toleo jipya.

Ukiona "Neither the JAVA_HOME nor the JRE_HOME environment variable is defined", Tomcat inasema tu: sijui Java iko wapi. Mwonyeshe njia. Ukiona UnsupportedClassVersionError, programu iliandikwa kwa Java mpya kuliko ile uliyo nayo. Mstari huo unataja nambari: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Kama programu inasema 61 na mashine inasema 52, hakuna la kutengeneza mu programu. Weka Java 17.

Kinyume chake kipo pia. Zamani watu waliandika -XX:MaxPermSize mu maneno ya kuwashia. Java 8 ililipuuza neno hilo kwa onyo tu. Java 17 inalikataa kabisa, inasema "Unrecognized VM option" na haiwaki. Mtu anaweka Java mpya, hagusi kitu kingine, na seriveri inakufa. Futa neno lile la zamani, basi.

Kubwa zaidi ni Tomcat 10. Mwaka 2017 Oracle, kampuni iliyonunua Sun, iliamua kukabizi sehemu ya Java ya programu za namna hii kwa shirika la Eclipse. Jina Java likabaki mali ya Oracle, basi jina jipya likawa Jakarta. Kwa sababu hiyo, majina ya ndani yaliyoanza na javax.servlet yalibadilika kuwa jakarta.servlet. Tomcat 9 inajua ya zamani tu. Tomcat 10 inajua mapya tu. Ukichukua programu ya Tomcat 9 ukaitupa mu webapps ya Tomcat 10, mara nyingi utapata 404, ao ClassNotFoundException inayotaja javax.servlet. Programu haina ugonjwa. Umeiweka mu nyumba ya lugha ingine. Tumia Tomcat 9, ao weka programu mu kitabu webapps-javaee cha Tomcat 10, ambamo Tomcat yenyewe inajaribu kuigeuza.

Na 404 ndogo ya kila siku: herufi kubwa na ndogo. Programu ikiitwa Kiliniki.war, anwani yake ni /Kiliniki, haiko /kiliniki. Weka jina lote mu herufi ndogo tangu mwanzo, utapumzika.

Baze ya data haijaamka

Sasa turudi ku hospitali. Mzee alipanda juu mu logi, mpaka saa umeme uliporudi. Alituonyesha kwa kidole mstari wa kwanza wa GRAVE, akashuka mpaka "Caused by" ya chini:

FATAL: the database system is starting up

"Mwaona?" alisema. "Baze ya data ilikuwa ingali inaamka."

Ilikuwa hivi. Umeme ulipokatika, mashine ilizimika gafula. PostgreSQL, ndiyo baze ya data ya hospitali, ilipowaka tena ilianza kwanza kuhakikisha na kutengeneza kazi iliyokatikia katikati. Hilo si kosa. Ni jambo jema, ndivyo inavyolinda data. Lakini linachukua muda. Tomcat haikungoja. Ilibisha hodi, ikaambiwa bado, na programu ya wagonjwa ikakata tamaa. Tomcat yenyewe ilibaki hai, nyumba tupu, inajibu 404 kwa kila anayebisha. Kijana alipofika akaandika startup.sh juu yake, mara mbili. Ndipo likatoka lile la mlango kukamatwa, ambalo lilimpoteza.

Mzee alizima Tomcat kwa shutdown.sh, akangoja, akahakikisha hakuna Java iliyobaki hai. Akaandika pg_isready, amri inayouliza PostgreSQL kama iko tayari. Ikajibu ndiyo. Akawasha Tomcat mara moja, akaketi. Mbele ya dakika tatu kuisha, ukurasa wa programu ulifunguka. Hakubadilisha hata herufi moja.

Ili isirudie: kama Tomcat inawashwa na systemd, ongeza mu fishie yake mstari After=postgresql.service. Kama inawashwa na skripti ya mkono, weka ndani yake pg_isready ikizunguka mpaka ijibu ndiyo, kisha tu Tomcat iwake.

Kuko shida zingine tatu za baze ya data ambazo mafundi wetu wanazikuta:

Ya kwanza, "Connection refused". Baze imezimwa, ao iko ku porti ingine. PostgreSQL inatumiaga 5432, MySQL 3306. Hakikisha kwanza inawaka, mbele ya kugusa Tomcat.

Ya pili, alama ya &. Anwani ya baze inaandikwa mu fishie ya XML, na mara nyingi ina & katikati. Ndani ya XML alama hiyo peke yake imekatazwa; lazima iandikwe &amp;. Ukisahau, logi inasema "The reference to entity must end with the ';' delimiter", na hapo katikati inataja neno linalofuata &. Tumeambiwa fundi mmoja alikaa siku mbili juu ya herufi hizo ine.

Ya tatu inakuja polepole: asubuhi yote inatembea, mchana inagoma. Logi inasema "Cannot get a connection, pool error Timeout waiting for idle object". Tomcat inaweka tayari njia za kwenda ku baze, na kama hukuandika kitu, mwisho wake ni 8. Watu wakiwa wengi, ao programu ikichukua njia bila kuirudisha, zinaisha. Ongeza maxTotal. Lakini kama ukiongeza mpaka 50 nazo zinaisha vilevile, basi programu hairudishi. Weka removeAbandonedOnBorrow iwe true, na umwambie aliyeiandika.

Nafasi: memwari na diski

"OutOfMemoryError: Java heap space" ni kusema Java imefikia mwisho wa memwari uliyoipa. Kama hukuandika kitu, kwa kawaida inachukua robo moja ya memwari ya mashine: ku mashine ya giga 4, ni giga 1 tu. Ku Linux tengeneza fishie bin/setenv.sh (haiko mule mwanzoni, ni wewe unaiunda) na uandike mstari huu:

CATALINA_OPTS="-Xms512m -Xmx2g"

Usiipe Java memwari yote. PostgreSQL nayo inakula, mashine nayo inakula. Na ku Windows uangalie: kama Tomcat iliwekwa kama huduma inayojiwasha, setenv haisomwi kabisa. Lazima kufungua programu ndogo kama tomcat9w na kuandika mule. Wengi wanabadilisha setenv mara kumi na kushangaa hakuna kinachobadilika.

Diski nayo inajaa kimya kimya. Fishie catalina.out haijikati yenyewe. Inakua tu, mwezi kwa mwezi. Diski ikijaa, baze ya data haiwezi kuandika, na yote inasimama na "No space left on device". Ku Linux andika df -h kila juma. Na umwambie logrotate ikate catalina.out, kwa copytruncate, ili Tomcat isipoteze daftari lake.

Saa na majina ya watu

Haya mawili hayazimi seriveri. Ndiyo maana ni ya hatari: yanaandika uongo siku zote, na hakuna anayelia.

Kongo ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, Lubumbashi na mashariki yote iko saa mbili. Seriveri ikinunuliwa na kuwekwa tayari Kinshasa, kisha ikaletwa kwetu, mara nyingi inabaki na saa ya kule. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi dakika 20 kisha usiku wa manane, tarehe 1 Januari, programu inayochukua saa ya mashine itamwandika tarehe 31 Desemba, mwaka wa nyuma. Kesho mzazi anaenda kutafuta cheti cha kuzaliwa na karatasi mbili zisizopatana. Ongeza mu CATALINA_OPTS: -Duser.timezone=Africa/Lubumbashi.

Angalia pia betri ndogo ya ndani ya mashine. Ikikufa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi ku tarehe ya zamani sana. Basi hata HTTPS inakataa, kwa sababu mashine inaona vyeti vya usalama kama vya siku zijazo.

Na majina. Mama anaitwa Thérèse, programu inaandika ThÃ©rÃ¨se. Hapo, mahali fulani, mmoja anaandika mu UTF-8 na mwingine anasoma mu namna ya zamani ya Ulaya, ISO-8859-1. Tangu Tomcat 8, anwani zinasomwa mu UTF-8, lakini yale watu wanayojaza mu formulere yanaweza kubaki mu zamani. Mu conf/web.xml ya Tomcat muna filta inayoitwa SetCharacterEncodingFilter, imefunikwa na alama za maelezo. Ifunue, iwe UTF-8. Ongeza -Dfile.encoding=UTF-8 kama Java yako ni ya chini ya 18. Usingoje. Mgonjwa mwenye jina lililoandikwa vibaya leo, kesho akitafutwa haonekani, atafunguliwa dosie ya pili, na historia yake ya dawa itabaki mu ya kwanza.

Kile ambacho kle ya USB ingefuta

Kisha programu kufunguka, mzee alimwambia kijana:

"Sasa nionyeshe mu webapps."

Walifungua. Mu kitabu cha programu yenyewe kulikuwa kitabu kingine, na ndani yake picha: radio za mifupa, karatasi za maabara zilizopigwa skana, barua za kuhamisha wagonjwa. Yule aliyeandika programu alizihifadhi mule ndani. Tomcat ikiambiwa kuondoa programu ao kuweka mpya juu yake, inafuta kitabu kile chote, pamoja na vyote vilivyo ndani. Ndivyo ilivyotengenezwa.

"Kopi ya mwisho ni ya lini?" mzee aliuliza.

Kijana alinyamaza kidogo. "Papa, ni miezi ine."

Mzee hakumgombeza. Sisi pia hatuandiki haya kwa kumcheka kijana: alikuwa peke yake, watu wamejaa inje, mkubwa analia ku telefone. Mu hali ile kila mtu anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake, na kufuta kunaonekana kama kazi. Kusoma kunaonekana kama kuketi bule. Lakini kuketi kwa dakika ishirini ndiko kuliokoa miezi ine ya picha za wagonjwa.

Mchana ule ule walihamisha picha mu kitabu kilicho inje ya Tomcat, wakafanya kopi ya baze kwa pg_dump, na kopi ya kitabu conf, wakaziweka ku diski inayofungiwa mu ofisi ingine. Kisha kijana aliandika karatasi kwa mkono wake, akaibandika ku mlango wa chumba cha seriveri. Tuliomba ruhusa ya kuinakili, kwa sababu inafaa ku kila chumba cha namna ile:

1. Hakuna kufuta. Hakuna kuweka mupya mbele ya kopi.
2. Baze ya data inawaka? Diski iko na nafasi? Saa ya mashine ni ya leo?
3. Tomcat ngapi zinawaka? Lazima moja tu.
4. Soma logi tangu mwanzo wa kuwasha. GRAVE ya kwanza, "Caused by" ya chini.
5. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Andika mu kaye ulibadilisha nini na saa ngapi.

Tulipotoka, watu walikuwa wamepungua ku gishe. Mama wa gishe alikuwa na kaye upande mmoja na kompyuta upande mwingine, anaingiza jina kwa jina wale aliowaandika kwa mkono asubuhi. Kwa kila jina, dosie ilifunguka.